Msing'oe Mibuni

Stendi ya Mbinga nimeshabatizwa jina: Nusu Meseji. Makondakta wa magari ya Songea wananiita hivyo, mama wa chapati ananiita hivyo, na juzi mtoto mwenye sare za shule alinipa "Shikamoo, Nusu Meseji" kwa adabu zake zote. Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje?

Chanzo ni chama kimoja cha msingi cha kahawa huko milimani. Nilikitengenezea programu, kazi ya usiku, baada ya ile kazi inayonilisha. Mkulima analeta kahawa, mizani inasoma, karani anaingiza kilo, na meseji inamfikia mwenye mali kabla hajakunja gunia: kilo zako ni hizi, malipo ya awali ni haya. Ugomvi wa daftari la karani, ambao umeshavunja ushemeji mwingi huku kwetu, ungekwisha.

Mtindo niliofuata ni Ajaili. Kwa asiyeujua: Februari 2001 wanaume 17 walikutana Snowbird, kwenye milima ya Utah huko Marekani, katika hoteli ya watu wanaokwenda kuteleza kwenye theluji. Wakatoka na tamko lenye maadili 4 na kanuni 12 za kutengeneza programu. Usijifungie mwaka mzima ukiandika mipango. Toa kidogo, mwonyeshe mteja, msikilize, rekebisha, toa tena. Tamko hilo nalipenda kwa dhati. Kila mwezi naingia kwenye kikao cha mtandaoni cha wenzangu wa Dar es Salaam na Nairobi, nimesimama dirishani ambako mtandao unashika, na tunazijadili kanuni hizo mpaka chaji inaniishia.

Kanuni ya pili inataka mabadiliko ya mteja yakaribishwe, hata yakija mwishoni mwa kazi. Iweke akilini hiyo.

Ijumaa jioni, kila kitu kikiwa tayari, mwenyekiti wa chama akaniita. "Mwanangu, pale mwisho ongeza: Msing'oe mibuni." Akanitumia maneno hayo kwa simu mpya aliyoletewa na bintiye kutoka Dar, niyanakili yalivyo. Mzee alikuwa na hoja. Mbuni huchukua miaka 3 hadi 4 tangu kupandwa mpaka kuzaa vizuri, lakini bei ikianguka, mtu mwenye jembe na hasira anaumaliza asubuhi moja, na msimu unaofuata hapo pamechimbwa ngolo, yale mashimo yetu ya mahindi na maharage. Nikayakaribisha mabadiliko. Meseji nzima ikawa na herufi 155, na meseji moja hubeba 160. Nikalala usingizi wa mtu mwema.

Jumamosi saa tatu asubuhi tukabonyeza, wajumbe wote wa bodi wakiwa wametukodolea macho. Simu ya kwanza ikalia, ya pili ikalia, watu wakapiga makofi. Kisha kimya. Theluthi ya wanachama walikuwa wamepata. Waliobaki, hata mlio hawakuusikia. Salio nililonunua, meseji moja kwa kila mwanachama, lilikuwa limekwisha.

Umatengo habari haingoji gari, hupigiwa kelele kutoka mteremko huu hadi ule. Ilipofika saa sita mchana ilikuwa imeshaamuliwa kwamba wenye meseji watalipwa na wasio nayo wamekatwa. Wazee wakaanza kushuka, vitabu vya uanachama vimefungwa kwenye vitambaa. Mmoja alikuja na jembe. Huyo alikuwa amepata meseji, ila kitochi chake kilikuwa kimepokea kipande cha mwisho tu. Akanisogezea kioo karibu na pua. Kilisomeka: "ng’oe mibuni. Uongozi".

"Mmesema tuing'oe," akaniambia. "Haya. Nataka kujua tu, nianzie huku juu au kule mtoni?"

Mwenyekiti alimsomea meseji nzima kwa sauti, mara mbili, mzee amelishika jembe lake tu.

Sasa, kwa nini "Msi" ilibaki njiani? Hapa naomba subira, maana jambo lenyewe ni tamu kuliko aibu iliyonipata. Ukubwa wa meseji ya simu ulikadiriwa Ujerumani mwaka 1985. Mhandisi Friedhelm Hillebrand alikaa na taipureta nyumbani kwake Bonn, akapiga sentensi za kawaida na kuhesabu herufi zake. Karibu zote hazikuvuka 160, akaona zinatosha. Nafasi iliyopatikana kwenye njia ya ishara za simu ni baiti 140, yaani biti 1,120. Ipe kila herufi biti 7, zinaingia herufi 160 kamili, hazizidi wala hazipungui. Mtu aliyepanga hivyo namvulia kofia.

Lakini biti 7 hutoa alama 128 tu, kwa hiyo ilibidi kuchagua nani aingie. Waliochagua walikuwa Wazungu. Wasweden na Wadenmark wakapata herufi zao zenye vidoti na mikato. Wahispania wakapata alama yao ya kuuliza iliyosimama kichwa chini. Wagiriki wakaingiza Delta, Omega na herufi nyingine kubwa kadhaa. Ritifaa, ile alama ya kwenye ng'oe, nayo imo, bahati yetu, ila ile iliyonyooka. Iliyopinda haimo. Na simu mpya ya mwenyekiti ni ya wale wanaoona ritifaa iliyonyooka ni ushamba: ukiiandika, inakupindia yenyewe, bila kuombwa.

Alama moja isiyomo ikiingia, meseji yote huhamishiwa kwenye mfumo mwingine, unaoweza kuandika Kichina, Kiarabu na Kihindi, ambao kila herufi hula biti 16. Gawanya 1,120 kwa 16: unapata 70. Tena meseji ndefu ikikatwa, kila kipande hutenga nafasi ya kubeba namba ya kukiunganisha na wenzake, zinabaki herufi 67. Zile 155 zikawa vipande 3. Ni basi la Mbamba Bay ambalo abiria mmoja amepanda na mbuzi, kondakta akawatoza abiria wote nauli ya mbuzi. Na herufi ya 134, ya mwisho kabisa katika kipande cha pili, ilikuwa "i" ya "Msi". Simu nyingi huvishona vipande vizuri. Kitochi cha yule mzee kilipata cha tatu, viwili vya mwanzo vikachelewa.

Jumanne kikao cha mtandaoni kilipofika nikawasimulia wenzangu. Wakanipongeza. Mmoja akasema nimefeli mapema, na kufeli mapema ni ushindi. Mwingine, mwenye cheti cha mtindo huo, akauliza kama mwenye bidhaa alihusishwa kikamilifu. Nikamwambia mwenye bidhaa alikuwa amesimama mbele yangu na jembe.

Mengine yaliyonipata na Ajaili ni madogo. Kikao cha kila siku cha kusimama dakika 15 wajumbe walikikataa: mtu aliyepanda mlima ule kwa miguu hasimamishwi. Karata za kukadiria ukubwa wa kazi zilichukuliwa na mgambo akidhani tunacheza kamari. Programu ya hali ya hewa niliyowapelekea wavuvi wa dagaa Mbamba Bay walinirudishia, wakasema upepo wa Mwera ukitaka kuvuma hauombi intaneti.

Kuna ambalo halinichekeshi. Kile cheti cha mwenzangu hupatikana kwa kozi ya siku 2, hulipiwa kwa dola, na miaka 2 ikipita unalipia tena ili kisife. Matangazo ya kazi yanakidai. Tamko lililosema watu kwanza, taratibu baadaye, limezaa biashara ya taratibu. Januari 2008 Wakenya wachache na rafiki zao waliitengeneza programu ya Ushahidi ndani ya siku chache, kwa kujitolea, nchi yao ikiwaka moto baada ya uchaguzi, ili wananchi waripoti vurugu kwa meseji na kwa mtandao. Sijasikia kama kuna aliyeulizwa cheti.

Na kampuni iliyoniuzia meseji, nilipopiga simu, ilinijibu kwamba mfumo umefanya kazi ipasavyo. Kweli umefanya: ulihesabu mara tatu, ukakata mara tatu, ukanyamaza. Hesabu yote niliyoieleza hapa mashine yao huimaliza kabla hujapepesa jicho, tena huimaliza kabla ya kutuma, maana ndivyo inavyojua ikukate kiasi gani. Inajua, haikwambii. Fedha iliyokatwa ni ya wanachama. Ni kahawa iliyochumwa tunda moja moja, ikamenywa, ikaoshwa, ikaanikwa, ikabebwa kichwani mpaka kwenye mizani, halafu ikaliwa na kimkia cha ritifaa.

Basi nawaambia wauza meseji wote: juu ya kitufe cha kutuma andikeni, kwa Kiswahili, "Meseji hii ni vipande 3, utakatwa mara 3." Hiyo ni mistari michache ya programu, na mkikosa wa kuiandika niiteni, nitaiandika bure. Nawe msomaji, kama ndiwe unayetuma matangazo ya msiba, harusi au kikoba kwa watu wengi, ingia kwenye mipangilio ya simu yako, zima kinachopinda alama, kisha hesabu herufi zako kabla hujabonyeza.