Ombi la Kampuni Kuwa Mteja Wake Yenyewe

Mkurugenzi Mtendaji,
Wakala wa Ajira,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA KAMPUNI KUSAJILIWA KUWA MTEJA WAKE YENYEWE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu Mkurugenzi, kwenye kikao cha asubuhi, kile tunachokifanya tukiwa wima ili asipatikane wa kusinzia, uliuliza nani atakuletea mteja mkubwa kabla robo mwaka haijaisha. Nimempata. Anaajiri kila mwezi, hachagui sana, na matangazo yake hayahitaji kuandikwa upya. Ofisi zake ni hizi tulizomo.

Chukua dawati la benki na bima. Watu wamelipokezana hadi fundi wa kompyuta amechoka kufungua akaunti mpya. Kila mgeni anaingia kwenye mfumo kwa jina la dada mmoja ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Wateja wanamsifu sana dada huyo kwa uvumilivu. Mimi mwenyewe naitwa Mshauri Mwandamizi. Uandamizi huu sikuusomea wala sikuuomba: niliamka asubuhi moja nikakuta walionitangulia wote wameshaondoka kwenye kundi la WhatsApp.

Biashara ipo, basi. Kikwazo ni dhamana. Wateja tunawaahidi kwamba tukiwaletea mtu akaondoka ndani ya miezi mitatu, tunawatafutia mwingine bure. Tukijipa dhamana hiyo sisi wenyewe, kampuni itakuwa inajidai kuliko inavyozidai benki zote za Posta. Isitoshe, mteja anayepoteza watu mfululizo huwa tunamwita tumhoji kwa upole: malengo yake yanatekelezeka? Meneja wake anapaza sauti? Watu wanakula saa ngapi? Naomba kikao hicho kifanyike na sisi tukiwa mteja. Muhtasari nitaandika mimi.

Nitaeleza kwamba mshauri anatakiwa kupiga simu sitini kwa siku, na kwamba mwombaji akilia kwenye simu, dakika hizo hazihesabiwi. Nitaeleza kwamba majina yetu kwenye ubao wa malengo yanaandikwa kwa kalamu inayofutika, jambo ambalo mwanzoni nilidhani ni kubana matumizi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki. Sisi huzimaliza Alhamisi jioni, tukabaki na Ijumaa na Jumamosi za kujitolea. Najua utajibu kwamba mwombaji kazi hatozwi ada, hivyo fedha yote lazima itoke kwa mteja, na mteja hatoi bila kusumbuliwa. Ni kweli. Ila mteja husumbuliwa mara moja kwa wiki. Sisi hatupewi mapumziko hayo.

Kuna wenzangu, wengi wao wa zamani, wanaosema hali hii ni uongozi mbovu. Sikubaliani nao, maana mimi nimeusoma mkataba. Kamisheni hailipwi mteja anapolipa ankara. Hulipwa miezi mitatu ya dhamana inapopita, tena kwa mshauri aliye kazini siku hiyo. Aliyeondoka wiki mbili kabla anaiacha mezani, pamoja na namba zote za simu alizozikusanya, na kampuni inamtakia kila la heri kwa keki. Halafu sheria hiyohiyo haimpi kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki mtu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri. Na hapa kwetu mazungumzo ya "tuangalie kama mazingira haya yanakufaa" huwa yanaangukia mwezi wa tano. Uongozi mbovu hauwezi kulenga tarehe namna hiyo. Kuna mtu aliketi na kikokotoo.

Kwa hiyo nampongeza mtu huyo, na nashauri tu ajitokeze atoze ada yake. Kwa viwango vyetu, kila kiti kinachojazwa ni mshahara wa mwezi mmoja. Fedha itatoka mfuko wa kushoto iingie wa kulia, na kila inapopita tutaigonga ile kengele ya ushindi mliyonunua.

Dawati la mteja huyu apewe mtu atakayekuwepo mwezi ujao. Nimepitia orodha ya wafanyakazi nikashindwa kupendekeza jina. Mimi nisihesabiwe: ili kuokoa karatasi, barua hii ichukuliwe pia kuwa notisi yangu ya siku 28. Kamisheni yangu ya robo hii aandikiwe kijana anayeanza Jumatatu. Yule dada wa kwenye mfumo atamwelekeza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mshauri Mwandamizi

Nakala:
Mkuu wa Rasilimali Watu (nafasi ipo wazi)
Meneja wa Mafunzo (anakaimu Mkuu wa Rasilimali Watu, naye ameomba ruhusa kwenda kwenye usaili)