Mlio wa Nane

Miongoni mwa vyombo vyote ambavyo mwanadamu amejaaliwa kuvipanda, sikijui kilicho na uvumilivu kama baiskeli ya zamani ya mashindano. Yangu, iliyoingia Tanga pamoja na shehena ya mitumba ya Ulaya, ilikuwa na nyenzo mbili fupi za gia zilizofungwa kwenye bomba la chini la fremu, karibu na magoti ya mpandaji. Nazo hazikuwa na mlio wala alama, bali ulizivuta kwa kadiri ya sikio lako, na mnyororo ulipoacha kunung'unika ndipo ulipojua ya kuwa umewasili. Aibu yake ilikuwa moja tu: katika barabara ya Mombo hadi Lushoto, ambayo hupanda mlima kwa kona zisizo na huruma, mtu aliyetaka gia nyepesi alilazimika kuuachia usukani mkono mmoja na kuinama, ilhali basi lateremka mbele yake likipiga honi.

Wajapani wa Shimano waliuondoa udhia huo kwa hatua mbili. Mwaka 1984 walileta gia zenye mlio, ambazo kila mbofyo mmoja wa wenzo huvuta waya kwa kipimo maalumu. Na mwaka 1990 wakauhamisha wenzo wenyewe ukaingia katika mkono wa breki, hata mpandaji akawa hana haja ya kuuachia usukani hasilani. Wataliano wa Campagnolo wakatoa wao mwaka 1992. Habari hizi nilizisoma kwa furaha ya mtu ambaye bado hajaulizia bei.

Nilipoiulizia, nikaridhia jozi iliyokwisha tumika, ya gia nane, walakini friwili yangu ilikuwa ya gia saba. Nilimweleza muuzaji tatizo hilo kwa taadhima, naye akanijibu pasipo kuinua macho: "Kaka, mwenye nane hakosi saba." Ni hesabu ambayo hata kadhi hangeweza kuipinga, nami nikalipa.

Kazi ilifanyika barazani, baiskeli ikining'inia kwa kamba kwenye boriti, mbele ya mpwa wangu na mzee jirani, mstaafu wa forodha, ambaye baada ya kukagua mizigo ya watu umri wake wote haamini kwamba kuna kitu asichokijua kilichomo. Kuzifungua nyenzo za zamani kulikuwa kwepesi. Taabu ilianza na waya. Waya wa gia una unene wa milimita 1.2, na kichwa chake si kikubwa kuliko punje ya choroko. Sharti uupenyeze katika tundu la wenzo lisiloonekana mpaka wenzo uwe umebofywa hadi gia ndogo ya mwisho, ndipo tundu hujitokeza pembeni kwa haya, na ukibofya tena upande wa pili, hujificha. Fauka ya hayo, waya huo ni nyuzi za chuma zilizosokotwa, ambazo ncha yake hufumuka mara inapogusa ukuta wa tundu, na uzi uliofumuka haupendi makazi yoyote kuliko chini ya ukucha.

Nyuma, penye kile kidude kinachohamisha mnyororo, pana skrubu mbili ndogo zilizoandikwa H na L. Ndizo mipaka yake: ya kwanza hukizuia kisiutupe mnyororo nje ya gia ndogo, na ya pili kisiutumbukize kwenye spoki. Mzee alizitazama kwa miwani na bila miwani, kisha akatoa hukumu. "Mwanangu, mambo haya yameandikwa wazi. L ni legeza, na H ni hapana." Kabla sijapata la kumjibu bisibisi ilikuwa mkononi mwake, na L ikalegezwa kwa uaminifu wote wa mtumishi wa serikali; naye mpwa wangu, ambaye hajapata kuona pedali asiizungushe, akaizungusha. Mnyororo ukaparamia gia kubwa, ukaipita, ukajikaza kati ya friwili na spoki. Gurudumu likagoma ghafla, baiskeli ikapiga bembea, na tairi la mbele likazoa birika la kahawa pamoja na vikombe vyake. Mzee akakiangalia kikombe pekee kilichonusurika, ambacho kilikuwa chake, akanywa, akasema ya kuwa basi huko kiwandani herufi zimebadilishana mahali.

Mnyororo ulipotolewa, ikadhihirika hitilafu ya ile hesabu ya dukani. Katika gia nane, kutoka gia hadi gia ni milimita 4.8, katika saba, ni milimita 5. Tofauti hiyo ni ndogo mno, lakini hujikusanya kila mbofyo, hata nikiiridhisha gia kubwa, ndogo hulalama, na nikiipoza ndogo, kubwa huanza kusaga. Aliyetuokoa ni fundi baiskeli wa chini ya mwembe, aliyekuja kutazama umati. "Weka sawa ya nne," alisema, "nyingine zitaifuata kwa adabu." Akakizungusha robo duara kile kikazio cha waya, na zikafuata, isipokuwa zile za pembeni, ambazo hadi leo husema kidogo kabla ya kutii.

Utepe wa usukani uliisha shibiri moja kabla ya kufika mwisho, kwa hiyo mkono wa kulia umefungwa kipande cha kanga kuukuu chenye nusu ya jina lake. Lushoto nimepanda, mikono yote miwili juu ya usukani, nami nashuhudia kwamba raha yake ni ya kweli. Wenzo hulia mara moja zaidi ya zinavyohitaji gia zilizopo, na wapandaji wenzangu wakiusikia mlio huo hudhani nina akiba. Gurudumu la gia nane limekwisha patikana. Naambiwa halitaingia mpaka fremu itanuliwe kutoka milimita 126 hadi 130, na mzee wa forodha amejitolea kushika upande mmoja.