Siku Tatu za Kunyamaza Ukweni

Basi lilipopita Mombo, mke wangu alinipa masharti ya safari. Hakunikataza kulewa, maana silewi. Alisema: "Baba Neema, ni siku tatu tu. Nakuomba usimsahihishe mtu."

Nikaapa. Ilikuwa wiki ya Krismasi, msimu ambao Wachagga huuacha mji na kurudi Moshi, nami mwana wa Tanga niliyeoa huko nilikuwa nasafirishwa pamoja na mizigo mingine. Kiapo changu kilifika Same. Hapo abiria wa kiti cha mbele alimwambia mwanawe kwamba Ukuta wa China unaonekana hadi mwezini. Niliuma ulimi. Niliusoma mgongo wa tiketi. Kisha nikajisikia nikisema, kwa sauti ya mtangazaji wa redio, kwamba ukuta huo ni mrefu kweli lakini ni mwembamba, na kwamba Yang Liwei, Mchina wa kwanza kurushwa angani na nchi yake mwaka 2003, alirudi akasema hakuuona. Naye hata huko mwezini hakufika, alizunguka hapa hapa jirani. Mtoto akamgeukia baba yake na kumtazama kama fundi aliyeharibu kitambaa cha watu. Mke wangu akaitazama milima ya Upare bila kusema neno.

Ndio ugonjwa wangu. Nikisikia uongo uliozoeleka koo linaniwasha, na dawa yake ni kusema. Wengine hukusanya stempu. Mimi hukusanya makosa ya watu.

Tulipokelewa vizuri mno. Mama mkwe alikuwa amepika mtori na ndizi nyama, akaniwekea sahani ya mlima. "Kula, baba," akasema, "hiki ndicho chakula cha mababu zetu, kimeota hapa hapa tangu dunia iumbwe."

Mtu mwenye akili angesema "asante, Mama" akameza. Mimi nilimeza kwanza, nikasema baadaye. Nilieleza kwamba ndizi asili yake ni Kusini-Mashariki mwa Asia na kisiwa cha New Guinea, na kwamba ilifika Afrika kwa safari ndefu ya karne nyingi. Kwa kuwa hakuna aliyenizuia, niliongeza kuwa mgomba si mti, ni mmea mkubwa usio na ubao ndani yake, na kwamba kwa wataalamu wa mimea ndizi iko kundi moja na zabibu na nyanya.

Kimya kilichofuata kilikuwa cha kanisani. Mama mkwe aliivuta sahani yangu pole pole, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu.

"Kumbe tunakulisha chakula cha wageni," akasema. "Kwenu Tanga mnakula nini?"

"Muhogo, Mama."

"Basi nitakupikia muhogo."

Nilijua fika kwamba muhogo nao umetoka Amerika Kusini, ukavushwa bahari na Wareno. Kwa mara ya kwanza siku ile, nikanyamaza. Nikala muhogo mchana, usiku na asubuhi, huku harufu ya mtori ikinipitia puani ikienda kwa wengine.

Jioni hiyo hiyo nilimkosea shemeji yangu, na hapo nilikuwa na nia njema kabisa. Ni mtu mfupi, na ukoo mzima humwita Napoleon. Nikadhani wanamdhihaki, nikaamua kumtetea. Nikawaambia wote waliokuwepo kwamba Napoleon hakuwa mfupi hata kidogo. Vipimo vya Kifaransa vilisema futi 5 na inchi 2, lakini inchi ya Kifaransa ilikuwa kubwa kuliko ya Kiingereza. Ukigeuza hesabu unapata kama sentimita 168, kimo cha kawaida kwa Mfaransa wa enzi zile. Waliomfupisha ni Waingereza, hasa wachora katuni kama James Gillray, aliyemchora kama kitoto chenye hasira na kofia kubwa.

Nikangoja shukrani. Shemeji aliweka chini kata yake ya mbege.

"Kwa hiyo," akauliza taratibu, "hata Napoleon amenizidi?"

Kumbe jina lile alilipenda. Kwa miaka ishirini alikuwa akijifariji kwamba mtu wa kimo chake aliwahi kuitetemesha Ulaya. Nilimnyang'anya mwenzake wa pekee, tena mbele ya wanawe.

Siku ya pili niliamua kukaa mbali na watu wazima. Nikaingia kihambani na watoto, katikati ya migomba na mibuni, nikaamini huko hakuna wa kumkosea. Ghafla wakapiga kelele na kutawanyika: kinyonga! Mmoja akasema ana sumu, akikugusa unakufa. Mwingine akasema ukimweka juu ya kitambaa chekundu anakuwa mwekundu.

Koo likaniwasha hadi masikioni. Nikamkamata kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikauvuta upande wa kitenge chekundu cha mama mkwe kilichoanikwa kambani. Nikafungua darasa. Kinyonga, nikasema, hana sumu. Wala haigi rangi ya anachokanyaga. Hubadilika kwa sababu ya joto, baridi, hofu na hasira, na kwa kuzungumza na kinyonga wenzake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza siri yenyewe: ndani ya ngozi yake mna chembe ndogo mno za fuwele, na nafasi kati yake ikipanuka au kubana, mwanga unaorudi hubadilika rangi.

"Tazameni sasa," nikasema, nikamweka juu ya kitenge.

Sayansi haikuniangusha. Hakuwa mwekundu, alianza kuwa mweusi. Ningekumbuka nilichotoka kufundisha, ningejua kwamba hiyo ndiyo rangi ya hasira. Akafumbua kinywa, akaning'ata kidole. Kinyonga hana sumu, lakini ana meno. Niliruka nyuma, nikapita kwenye kamba pamoja na kitenge, nikakaa chini ndani ya mbolea ya ng'ombe, huku nikipiga kelele, "Hana sumu! Hana sumu!"

"Anko anakufa!" watoto wakakimbia kutangaza. Toka siku hiyo hakuna mtoto wa ukoo ule asiyejua kwamba kinyonga ana sumu. Wamemwona kwa macho yao mtu aliyemshika.

Usiku wa tatu nilijua nimebakiwa na silaha moja, hadithi ambayo haijawahi kuniangusha. Tulikuwa tumekaa nje, mlima umejifunua, nami nikamweleza baba mkwe, mwalimu mstaafu, kwa nini mpaka wa Kenya na Tanzania umenyooka kutoka pwani, kisha unajikunja kuuzunguka Kilimanjaro. Ni kwa sababu, nikasema, Malkia Victoria aliutoa mlima huu kama zawadi ya kuzaliwa kwa mjukuu wake, Kaiser Wilhelm wa Pili.

Mzee akatikisa kichwa kwa upole. "Huyo mjukuu alianza kutawala lini?"

"1888," nikajibu haraka. Tarehe ni chakula changu.

"Na mpaka ulichorwa lini?"

"1886."

Niliisikia sauti yangu ikianguka chini. Mwaka 1886 Kaiser alikuwa bado babu yake, Wilhelm wa Kwanza. Tarehe zote mbili nilikuwa nazo kichwani miaka mingi, lakini sikuwahi kuziweka meza moja. Mzee akamalizia kazi: Wajerumani walikuwa wamekwisha kuandikiana mkataba na Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1885, Waingereza waliitaka Mombasa, wakaketi, wakagawana. Hakukuwa na keki wala mishumaa.

"Lakini Baba," nikasema, "hadithi hii niliitoa hata kwenye harusi yangu."

"Nakumbuka. Ukasema na wewe umezawadiwa ua la Kilimanjaro."

"Mbona hukunisahihisha?"

"Ulikuwa na furaha, na watu walikuwa wanacheka," akasema. "Halafu mahari ulikuwa hujaimaliza."

Asubuhi mke wangu alinikatia jani la sale, mmea ambao Wachagga huupanda kuonyesha mpaka wa kihamba, na ambao jani lake hupelekwa kwa mtu uliyemkosea. Nikampelekea mama mkwe kwa mikono miwili. Alilipokea, akaingia jikoni, akarudi na bakuli la mtori unaotoa moshi.

"Kula, baba. Ndizi hizi zimetoka wapi?"

"Zimetoka hapa hapa, Mama," nikasema, "tangu dunia iumbwe."

Nawe msomaji, ukikaa karamuni mtu akasimama kuusimulia mlima na keki ya Kaiser, unazo tarehe zote mbili. Ziweke mfukoni. Mwache amalize, mpigie makofi, kula ushibe. Kisha siku ya tatu, mkiwa wawili, muulize taratibu: mwaka gani?