YAH: SHUKRANI KWA VOCHA YA DOLA 10

Kwa Wakuu wa CrowdStrike,
Austin, Texas.

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Nianze na pongezi. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za kwetu Afrika Mashariki, mlisambaza faili moja dogo la programu yenu ya kulinda kompyuta, na kompyuta milioni 8.5 za Windows zikapata ulinzi wa hali ya juu: hakuna mdukuzi aliyeweza kuziingilia, maana hata wenyewe walishindwa. Skrini ya bluu, inazima, inawaka, bluu tena. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta takriban safari 7,000.

Baadaye mkatueleza kiungwana kwamba faili liliulizia kipengele cha 21, programu ikawa imebeba 20. Kasoro ya aina hiyo hujitokeza kwenye kompyuta ya kwanza kabisa unayoijaribia. Nyinyi mkaamua kuijaribia dunia.

Ndani ya dakika 78 mlikuwa mmeshaliondoa faili hilo. Hongereni, ila kompyuta isiyowaka haipokei masahihisho. Matangazo yenu yanasema kazi hufanywa na akili mnemba. Siku ile akili mnemba ilikuwa kijana wa IT aliyepiga magoti chini ya kaunta, karatasi mkononi, akiingiza ufunguo wa BitLocker wa kufungulia diski, wenye tarakimu 48, kosa moja haufungui, ili afute faili ambalo jina lake linaanza na C-00000291. Akimaliza, anahamia kaunta ya pili.

Kwa usumbufu huo mkawatumia washirika wenu vocha ya Uber Eats ya dola 10. Baadhi yao walipojaribu kuitumia wakaambiwa imefutwa, kwa kuwa ilitumika mno hadi Uber wakaishuku kuwa ni utapeli. Angalau Uber wana mfumo unaostuka kitu kinaposambaa kupita kiasi.

Wapo wanaomlaumu mkuu wenu, Bwana Kurtz. Wanamwonea. Mwaka 2010 alikuwa mkuu wa teknolojia wa McAfee, sasisho lao lilipoangusha kompyuta za Windows XP duniani. Sisi huita huo uzoefu kazini.

Naomba basi sasisho lijalo lianzie Austin, kwenye kompyuta za ofisi zenu, mkiwa mnaandaa mishahara.

Wenu katika kuzima na kuwasha,
Fundi wa Kompyuta

Nakala: Delta Air Lines (kupitia kwa mawakili wao)