Mchinja Maua

Tangu Jumamosi jina langu pale kijiweni kwa bodaboda ni Mchinja Maua. Nikipita wananiuliza kwa heshima zote kama leo ni zamu ya waridi au asumini, na ngozi nauza bei gani. Anayecheka kuliko wote ni kijana niliyemkopesha hela ya tairi. Walioeneza habari ni madereva wa malori, na habari ikishaingia kwenye foleni ya malori ya Tunduma haikamatiki tena. Nadhani sasa hivi iko mpakani Kasumbalesa, inasubiri kugongewa muhuri.

Chanzo ni shemeji yangu wa Tanga. Watu wa Tanga ukiwaalika Tunduma huja na huruma, kama wanakwenda kumtazama mgonjwa. Kwa shemeji, chakula kinaishia pale nazi inapoishia. Alikaa kwangu akila ugali na maharage bila kulalamika, na huko kutolalamika kwake kulikuwa na kelele nyumba nzima. Ndipo nikamwambia: shemeji, hapa uko mpakani. Mzambia, Mkongomani, Mzimbabwe, wote wanasimama hapa kungoja karatasi zao zipite, na mtu anayengoja lazima ale. Chakula cha mataifa yote kipo, kazi ni kujua mlango. Nikasema mlango naujua mimi.

Tukavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa njia halali. Mwenyeji wa hapa anaweza kwenda kununua sukari na kurudi bila kukumbuka kwamba alikuwa nchi ya watu, lakini shemeji alitaka pasipoti igongwe, apate cha kuonyesha Tanga. Basi tukapita kwenye kituo cha pamoja, kile walichokizindua Magufuli na Lungu mwaka 2019, ambako ofisa anayekuaga na ofisa anayekupokea wanakaa jengo moja. Simu ya shemeji ikanasa mnara wa Zambia na kurudi nyuma saa nzima, maana wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja, naye akatangaza kwamba kwa mujibu wa simu njaa yake haijafika bado.

Mlango wenyewe ulikuwa wa kibanda cha mabati. Kwenye sinia kulikuwa na kitu chenye rangi ya udongo mwekundu, kimekatwa vipande vinene, juu kina ukoko, ndani kina vidoa vya pilipili, kisu kikipita kinateleza. Shemeji akakitazama kwa jicho la mtu aliyekwenda madrasa.

“Nyama hii?”

“Soseji ya ng’ombe,” nikasema. “Wenyewe wanaiita chikanda.”

“Amechinja nani?”

Sasa niambieni, mwenyeji aliyekwisha kusema mlango anaujua afanye nini hapo? Nikamwambia amechinja Muislamu, namfahamu, mtu wa swala tano. Nikaongeza kwamba ng’ombe wenyewe ni wa Wasukuma waliohamia bonde la Momba, ndiyo maana nyama ina mafuta. Nikaeleza wanavyoisaga, wanavyoitia viungo, wanavyoining’iniza juu ya moshi. Nilikuwa nimefika kwenye kuosha utumbo nilipoona mama muuzaji kashika kisu hewani, hakati.

“Baba,” akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, “hii haichinjwi. Inachimbwa.”

Meza ya madereva ikaanguka kwa kicheko.

“Ni mizizi ya maua hiyo, baba. Na karanga.”

Shemeji akanigeukia taratibu. “Kwa hiyo yule wa swala tano, ua alilielekeza kibla?”

Ningeweza kuishia hapo nikakae na aibu yangu, lakini kitu chenyewe ni cha ajabu mno. Nimerudi kwa yule mama peke yangu, nikaomba kiti karibu na moto, nikatazama. Maua ni ya okidi, zile za ardhini zinazoota kwenye majani ya milimani na mabonde yenye unyevu. Chini ya kila mmea kuna viazi viwili vidogo: kimoja kimesinyaa, kwa kuwa ndicho kilicholilisha ua la mwaka huu, na kingine kigumu, kimejaa, kinasubiri la mwakani. Vinaoshwa, vinakaushwa, vinatwangwa kuwa unga. Karanga nazo zinatwangwa na kuchekechwa mpaka ziwe laini. Maji ya karanga yanachemka na chumvi na pilipili, unga wa viazi unamiminwa, kisha magadi. Zamani walitia maji ya majivu.

Hapo kwenye magadi ndipo miujiza ilipo. Dakika moja una uji, na mtu yeyote angekwambia huu ni uji. Magadi yakiingia, mwiko unaanza kuwa mzito, yule mama anasimama, anapanua miguu, anasonga kwa mikono miwili, na uji unagoma kuwa uji. Ndani ya viazi vile mna kitu kinachoitwa glukomanani, na kikikutana na magadi kinashikana na hakiachiani tena hata ukikichemsha. Wajapani wanafanya mambo hayohayo kwa chokaa na kiazi chao cha konnyaku. Waturuki nao husaga viazi vya okidi kuwa unga wa salep, kisha hutengeneza aiskrimu inayovutika na kukatwa kwa kisu. Mama hakunitajia Waturuki. Alifunika sufuria, akapanga makaa juu ya mfuniko ili ukoko upate moto, akaniambia niache kufunua funua.

Nikamuuliza viazi vinatoka wapi. Mabonde ya karibu ya Zambia yameshachimbwa, akasema, siku hizi vinatoka kwetu. Kwetu wapi? Makete.

Naomba ieleweke tulichofanya. Tuligongesha pasipoti, tukabadilisha shilingi kuwa kwacha kwa bei ambayo yule kijana wa kubadilisha fedha aliitoa huku akitazama pembeni, tukaingia nchi ya kigeni, tukala mkoa wa Njombe.

Na hapa kicheko kinanikauka. Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilikuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia kila mwaka. Biashara hiyo ni sehemu ya sababu ya Kitulo, bustani ya Mungu kama wanavyoiita, kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Mchimbaji anataka kile kiazi kigumu, cha mwakani. Akishakitwaa, mwakani hakuna ua na hakuna mbegu. Anakiuza kwa debe, na hachimbi kwa starehe. Kinapita mtaani kwetu Tunduma ndani ya gunia, tunakipisha njia, halafu upande wa pili wa mpaka kinatiwa karanga na kukatwa vipande, na sisi tunavuka kukinunua kwa kipande. Ndivyo tulivyo na kila kitu. Mkoa wetu wa Songwe ulianzishwa rasmi mwaka 2016, makao makuu Vwawa, na Mbozi yote ile inalima kahawa ya arabika inayonywewa na watu wasiojua Mbozi iko wapi. Kaombe kahawa hotelini Vwawa. Utaletewa maji ya moto, kopo la unga, na kijiko.

Safari za chakula hazikuishia hapo, shemeji alikuwa amenogewa. Tuliagiza kapenta wa Zambia, wakaja dagaa wa Ziwa Tanganyika, walewale wanaouzwa sokoni kwetu. Tuliagiza sombe ya Wakongomani, ikaja kisamvu, na shemeji akasema kwao Tanga kinatiwa nazi. Hoteli moja yenye bendera za mataifa mlangoni ilikuwa na chipsi.

Mwishoni shemeji, kwa upole unaoumiza, akaomba basi chakula cha wenyeji. Cha Wanyiha, cha Wanyamwanga, wenye ardhi. Jambo dogo. Nilimzungusha Tunduma jua zima kutafuta ugali wa ulezi wenye mboga ya karanga. Kuna wali wa kila aina, kuna kuku wa mafuta, kuna ndizi za Wanyakyusa, kuna supu saa zote. Mama mmoja wa Kinyamwanga, mwenye meza ya mbao karibu na reli ya TAZARA, ndiye pekee ambaye hakucheka nilipouliza.

“Ulezi tunaula nyumbani, baba. Hotelini nani atalipia ulezi?”

“Mimi.”

Akanitazama, akamtazama shemeji na kanzu yake, akapangusa meza.

“Chipsi mayai,” akasema. “Mbili?”