Hamasa Ipo, Kitabu Je?
Mwalimu mtarajiwa wa Kiingereza mjini Kisangani huhimizwa kwenye semina za ualimu kuamini kwamba teknolojia ya darasani, yaani projekta, kompyuta na vifaa vya aina hiyo, humvuta mwanafunzi asome, ingawa projekta yenyewe hutegemea umeme wa kituo cha mto Tshopo, ambao ukiamua kupumzika haumwombi mwalimu ruhusa. Mji huu ndio uliompa V. S. Naipaul mandhari ya riwaya yake ya Kiingereza ya mwaka 1979, A Bend in the River, lakini wataalamu wa semina hizo hushughulikia zaidi namna ya kuonyesha jalada lake ukutani kuliko namna ya kumfikishia mwanafunzi nakala mkononi. Hamasa, basi, imekamilika. Kinachosubiriwa ni cha kusoma.