Sifa za Kurabu, Mwenyeji wa Ufuo wa Bamburi

Miongoni mwa wote wanaoishi kwa utalii katika pwani ya Kenya, ni vigumu kumpata anayetimiza wajibu wa mwenyeji kwa ukamilifu kama kurabu, yaani yule kunguru mwembamba mwenye shingo ya kijivu ambaye wanasayansi humwita Corvus splendens, jina la heshima ambalo, tofauti na mengine anayoitwa na wenye hoteli, linaweza kuandikwa kitabuni. Lucian, mwandishi wa karne ya 2 aliyeandika kwa Kiyunani, alitunga utungo mzima wa kumsifu nzi. Na ikiwa mdudu alipata msemaji wa kiwango hicho, ndege aliyekula kwa wanadamu muda mrefu namna hii hastahili kuachwa bila wakili.

Jambo la kwanza la kumsifia ni nasaba yake, ambayo ni ya kiserikali. Asili yake ni Bara Hindi, na katika miaka ya 1890 aliletwa Unguja ili ale takataka za mji, kwa hiyo anaweza kuhesabiwa miongoni mwa watumishi wa mwanzo wa idara ya usafi katika Afrika Mashariki, tena mtumishi asiyedai mshahara, sare wala likizo. Waliomleta hawakuwauliza wenyeji, ambao wangewaambia kwamba kunguru hafugiki, na haukupita muda mrefu kabla ya utawala uleule uliomleta kuanza kutafuta njia za kumpunguza. Kufikia miaka ya 1940 alikuwa ameonekana Mombasa, ambako alikuta kazi yake ikimsubiri. Tangu hapo masharti ya ajira hayajabadilika upande wake, kwani watu hutupa naye huokota. Aliyebadilika ni mwajiri, ambaye hutupa zaidi kadiri miaka inavyokwenda, kisha hulalamika kwamba wafanyakazi wamekuwa wengi.

Mahali ambapo ukarimu wake huonekana bila kificho ni ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ulioko Bamburi, ambao watu wa Mombasa huuita Pirates. Siku za Idi, Krismasi na Mwaka Mpya ufuo huo hupokea umati wa wageni wa kutwa, yaani wanaofika asubuhi na kuondoka magharibi bila kulala, baadhi yao kwa matatu kutoka Kisauni, Changamwe na Likoni, na wengine kwa mabasi kutoka bara. Hukodi tyubu za kuogelea, hupanda ngamia, hununua viazi karai, mihogo ya kukaanga na madafu, na wengi huja na chakula chao walichopika nyumbani. Hoteli za jirani humthamini mgeni anayelala, kwa kuwa hesabu zao ni za usiku, lakini mgeni wa kutwa aliyebeba sufuria ya pilau na maji yake ya chupa hukutana na askari wa lango, ambaye kazi yake ni kumwonyesha mpaka ulipoanzia. Kurabu hana lango wala hamuulizi mtu ametoka wapi. Humtazama kila mmoja kwa shauku ileile, na sufuria inapofunguliwa huwa tayari amefika, pamoja na jamaa zake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na uponaji huo, ambao wenye hoteli huungoja msimu mzima, yeye huupata kabla ya saa nne asubuhi.

Desturi ya kupokea wageni, hata hivyo, ilikuwa na mpaka wake: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa kutwa ameupata mwanya katika sheria hiyo, kwa sababu haifiki siku ya tatu, na kwa kuwa jembe halimpati, fagio nalo halimpati. Jioni huondoka akiacha vijiti vya mishikaki, nepi, vifuu, makombo na chupa tele. Ni kweli kwamba Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, na kuanzia tarehe 5 Juni 2020 ikakataza plastiki za kutumika mara moja katika maeneo yaliyohifadhiwa, fuo zikiwemo. Mfuko umeadimika, na hilo si jambo dogo, lakini chupa bado inafika. Ndipo kurabu anapoonyesha ujuzi ambao mamlaka za miji huuhubiri bila mafanikio, yaani utenganishaji wa taka pale zinapozalishwa: kinacholika hukichukua chote, na plastiki huiacha palepale mchangani hadi bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, yapande kuichukua. Kuhusu plastiki hiyo inakokwenda baadaye, mkataba wa miaka ya 1890 haukusema lolote.

Mashtaka dhidi yake yapo, na mengine ni mazito. Hula mayai na vifaranga vya ndege wadogo wa pwani, kama vile chozi na mnana, na kwa kosa hilo hata msifaji wake hana utetezi. Shtaka linalopigiwa kelele zaidi, hata hivyo, ni kwamba hunyakua mkate kwenye meza za watalii, kosa ambalo kwa hakika ni usawa tu, kwani anamtendea mgeni wa hoteli kama anavyomtendea wa kutwa. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaua kurabu milioni 1 kabla ya mwaka kwisha, wenye hoteli wakiwa miongoni mwa walioshauriana nalo. Chombo kilichochaguliwa ni sumu ya Starlicide, ambayo huchanganywa na nyama na humuua ndege saa kadhaa baada ya kula, mbali na macho ya wageni. Lakini kurabu ni mwerevu na hali nyama asiyoijua, hivyo wanaotumwa kumwangamiza hulazimika kwanza kumwandalia nyama safi kwa siku kadhaa mahali palepale hadi aizoee, na gharama ya karamu hiyo huingizwa katika bajeti ya kumuua. Juu ya hayo, mbinu nzima hutegemea ndege awe na njaa kiasi cha kuijali nyama ya bure, na hali hiyo ufuo wa Bamburi bado haujamwonjesha, hasa wiki ya Krismasi.